"Piese ya 1957": neno moja, mambo mawili

Wandugu, mtu mwenye gitare ya umeme ya mtindo wa zamani, siku piese moja inavunjika, anaambiwa atafute "piese ya mwaka ule ule". Sipingi. Napinga vile neno hilo linabeba mambo mawili, na moja njo linatula pesa.

La kwanza ni kipimo. Tuchukue Stratocaster ya Fender, mtindo wa 1957. Daraja la nyuzi linashikwa na skrubu sita, na toka ya kwanza mpaka ya sita ni karibu milimita 56. Kwa gitare mingi za bei ndogo za Asia ni 52.5. Tofauti ni kidogo, mais matundu hayakutani. Itabidi kutoboa mbao upya, na mbao haioti tena. Kile kifuniko cha plastiki cha mbele, cha 1957 kiko na skrubu 8, cha 1962 kiko na 11. Hata butoni ya volimu: kijiti cha Marekani kiko na meno 24, kile cha milimita 18. Ukilazimisha, inapasuka. Na kwa mwanafunzi wa Lubumbashi, piese inafika mu mzigo wa mtu aliyetoka safari. Akikosea hana duka la kurudisha. Anangoja msafiri mwingine. Hapa kudai mwaka sahihi si majivuno.

La pili ni sifa tu. Plastiki iliyopakwa umanjano ionekane imezeeka. Skrubu iliyotiwa kutu kwa makusudi (kutu, wandugu, tunayo ya bure). Kapasita yenye sura ya zamani, bei mara kumi, wakati ile ya kawaida yenye thamani sawa inakata mlio uleule. Anayependa sura anunue, ni pesa yake. Ila asiambiwe kwamba bila hiyo gitare haitalia sawasawa.

Shahidi wangu ni Fender yenyewe. Mwaka 1982 walipoanza kurudisha mitindo ya 1957 na 1962, waliweka swichi ya nafasi tatu, sawa vile ya zamani. Lakini mu sanduku waliongeza swichi nyingine, ya nafasi tano. Kwa nini? Sababu wapigaji wenye gitare halisi walikuwa wanasimamisha ile swichi katikati ya nafasi, wapate mlio wa mikro mbili pamoja, mpaka 1977 kiwanda kikakubali kuwawekea ya tano. Bale wenye kitu cha asili hawakuhangaika na usahihi. Walitaka ilie.

Basi kabla ya kutuma pesa, chukua rula, pima toka katikati ya tundu la kwanza mpaka katikati ya la sita, andikia muuzaji namba hiyo. Akikujibu mwaka tu, bila milimita, tafuta mwingine.