Kauli za Uhaba katika Mstahiki Meya

Tangu ilipochapishwa mwaka 2009, tamthilia ya Timothy Arege, Mstahiki Meya, imehakikiwa zaidi kwa mahitaji ya shule za upili, ambako ilitahiniwa kwa miaka kadhaa. Uhakiki huo umeeneza hukumu moja inayostahili kuangaliwa upya: kwamba Meya Sosi ni mlafi, na kwamba ubadhirifu wa mali ya umma katika mji wa Cheneo ni zao la ulafi huo. Hukumu hii haina kosa, ila ni nyepesi mno. Mlafi hahitaji maneno ili ale, ilhali Sosi ni mtu wa maneno mengi, na sehemu kubwa ya maneno hayo yahusu fedha ambazo baraza halina.

Wafanyakazi wanaodai ujira bora huambiwa kwamba hazina ni tupu. Siki, daktari asiye na dawa za kuwapa wagonjwa, hupewa ahadi ya dawa zilizo njiani. Wakati huo huo mke wa Meya amepelekwa ng'ambo kujifungua, madiwani wanaongezwa mshahara, na wageni wanaandaliwa karamu. Kufikia hapa kinaya ni cha kawaida, na mwanafunzi yeyote hukitambua.

Kinachotatiza ni mayai. Akiwa mezani kwake, Meya hunung'unika kwamba mayai aliyoandaliwa ni madogo. Wahakiki wengi huliona tukio hili kuwa kichekesho cha ulafi, wakapita. Lakini mnung'uniko huo ni wa mtu anayejiona amepunjwa. Nyumbani, pasipo mfanyakazi wa kumdanganya, Sosi bado anasema lugha ya uhaba, na sasa anaisema kwa niaba yake mwenyewe. Unafiki wake basi si ule wa mtu anayeficha shibe yake nyuma ya pazia. Amejiaminisha kwamba yeye ni miongoni mwa wahitaji, na kwamba hitaji lake ndilo la kwanza kwenye foleni. Ndiyo maana gharama ya karamu haimsuti: akilini mwake hiyo ni heshima ya mji, na heshima haitiwi katika hesabu.

Linganisha na Bili, rafiki anayemshauri Meya auze fimbo ya umeya. Kwa kuwa Bili hana cheo barazani wala umma wa kuridhisha, kauli yake haina pambo. Kuna fimbo, kuna mnunuzi. Ni mwizi, lakini si mnafiki.

Cheo cha meya kilikoma nchini Kenya mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi. Tamthilia haikuzeeka pamoja nacho. Mwaka huo huo wabunge wapya waliukataa mshahara wa shilingi 532,500 kwa mwezi uliowekwa na Tume ya Mishahara na Marupurupu, wakajitetea kama watu waliodhulumiwa. Waandamanaji walipopeleka nguruwe nje ya Majengo ya Bunge mwezi wa Mei, walichagua taswira ya ulafi, ile ile ya miongozo ya shule. Ilikuwa taswira kali, na yamkini ya haki, lakini haikuligusa lile la mayai madogo: kwamba mlalamikaji huenda alikuwa akisema kwa moyo safi. Hatimaye mshahara huo ulikubaliwa, ukasindikizwa na ruzuku ya gari ya shilingi milioni 5.

Hapa ndipo mwisho wa tamthilia unapopwaya. Meya anakamatwa. Askari humaliza kisa cha mwizi bila taabu, lakini imani ya mtu kwamba amepunjwa haifungwi pingu, na Arege aliyeijenga imani hiyo kwa ustadi mkubwa anaiacha bila kuijibu. Jibu lingeweza kutafutwa kwa Diwani III, ambaye anaona yote, anapinga, anashindwa, na bado anabaki barazani. Tamthilia inamkaribisha msomaji kwenye meza ya Sosi, ikamhesabia hata mayai. Haimpeleki nyumbani kwa Diwani III. Nyongeza ya mshahara wa madiwani ilipopita, je, yeye aliifanya nini?