Nyimbo za Wajapani: Je, za Zamani Zilikuwa Bora Kuliko za Sasa?

Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana. Moja yasema, Ya kale dhahabu. Ya pili yasema, Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nimezikumbuka zote mbili siku hizi, kwa sababu nimekuwa nikisikiliza nyimbo za nchi ya Japani, yaani zile nyimbo za watu wote ziuzwazo katika santuri na kupigwa katika redio. Wajapani wenyewe wana mabishano juu yake. Wazee husema kwamba nyimbo za enzi ya Showa, tangu 1926 hata 1989, zilikuwa nyimbo kweli kweli, na za leo ni kelele tu. Vijana hujibu kwamba wazee hawapendi nyimbo zile, bali waupenda ujana wao uliokwisha kupita. Nami nataka kulipima neno hili, maana hata kwetu kila mzee aliyepata kuwasikia vijana wakiimba amewahi kuliuliza kwa namna yake.

Kwanza mtu asidhani kwamba hizo nyimbo za zamani zilikuwa za Kijapani tupu. Serikali ya enzi ya Meiji ilipoweka shule za namna mpya ilitaka watoto wafundishwe kuimba, ikachukua tuni za Ulaya na kuzitia maneno ya Kijapani. Kitabu cha kwanza cha nyimbo za shule kilianza kutoka mwaka 1881, na ndani yake imo ile tuni ya Waskoti ya kuagana. Mwaka 1910 tuni ya Converse, ambayo sisi huiimba kanisani tukimtaja Yesu kuwa rafiki yetu, ilitiwa maneno juu ya nyota za usiku, watoto wa Japani wakaiimba shuleni. Basi masikio yao yalilelewa na baadhi ya tuni zile zile zilizolea masikio yetu. Mtungaji Nakayama Shinpei, aliyeanza kujulikana mwaka 1914 kwa wimbo wa Katyusha katika mchezo uliotokana na kitabu cha Tolstoy, alikuwa mwalimu wa shule ya watoto. Yeye na wenzake walipenda kuiacha sauti ya nne na ya saba, zile ziitwazo fa na ti katika solfa, ili tuni ya kigeni ikae vema katika koo la Mjapani. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa nyimbo ambazo leo zaitwa za asili.

Tena nyimbo hizo zilipokuwa changa, wazee wa siku zile hawakuzisifu. Mwaka 1931 Fujiyama Ichirō aliimba wimbo wa Koga Masao wa mtu anayelilia mapenzi yake juu ya kikombe cha pombe. Aliuimba kwa sauti ya chini karibu na maikrofoni, jambo lililokuwa jipya. Alikuwa mwanafunzi wa shule ya muziki ya Tokyo, akajificha kwa jina la bandia. Alipojulikana, shule ikamsimamisha masomo kwa muda. Baada ya Vita Kuu ya Pili alitokea mtoto wa kike, Misora Hibari, aliyeimba kama mtu mzima, na watu wenye heshima waliona aibu kumsikia. Hata mshairi Satō Hachirō, aliyeandika maneno ya ule wimbo wa tofaa uliowafariji watu katikati ya majivu mwaka 1946, alimshutumu gazetini. Hibari huyo alipokufa mwaka 1989, taifa lote lilimlilia kama malkia wa nyimbo.

Haya nayasema ili tusije tukadanganyika na wakati. Wakati ni ungo. Makampuni ya santuri ya Japani yalitoa maelfu ya nyimbo, na nyingi zilikuwa pumba. Zimepepetwa zikapeperuka, nasi twaona punje zilizobaki, kisha twazilinganisha na nyimbo za leo ambazo hazijapepetwa bado. Mtu anayefanya hivyo hapimi kwa haki.

Walakini sisemi kwamba wazee hawana neno. Wanalo, ila hawalisemi vizuri.

Chukueni wimbo ulio maarufu kupita zote, alioimba Sakamoto Kyū mwaka 1961. Maneno ni ya Ei Rokusuke, tuni ni ya Nakamura Hachidai. (Katika majina ya watu hao watatu mna tarakimu sita, nane na tisa, na Wajapani waliwaita kwa hesabu hiyo kwa mzaha.) Jina la wimbo kwa Kijapani maana yake ni kutembea hali umeinua uso juu. Mwezi wa Juni 1963 ulishika nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma matatu, nao Wamarekani waliuita Sukiyaki, jina la chakula cha nyama, kwa kuwa lilikuwa jepesi kutamka. Ni kama mtu auite wimbo wa maombolezo Pilau. Na huyo mshairi mwenyewe, alipomsikia Sakamoto mara ya kwanza akiyakatakata maneno yake kwa mtindo wa vijana wa Marekani, alichukizwa sana.

Mimi ni mwalimu, na mwalimu hapendi kubishana bila kujaribu. Siku moja baada ya masomo niliwasikilizisha watoto wa darasa la sita nyimbo mbili katika simu yangu. Hapana hata mmoja ajuaye neno la Kijapani. Wa kwanza ulikuwa huo wa Sakamoto. Wa pili ulikuwa Yoru ni Kakeru wa watu wawili wajiitao YOASOBI, uliotoka Desemba 2019 na kuwa wa kwanza katika hesabu ya Billboard Japan ya mwaka 2020. Kila mmoja niliupiga mara tatu. Ule wa kwanza, ilipofika mara ya tatu, watoto waliufuata midomo imefumbwa, na wavulana wawili wakapiga mbinja pale pale Sakamoto apigapo mbinja. Wa pili hawakuweza kuufuata. Tuni ilikimbia mbele yao kama mbuzi aliyekata kamba, wakacheka, wakaacha.

Hapo nilidhani nimepata jibu. Lakini watoto walipokuwa wakienda zao, msichana mmoja mkimya alinijia mlangoni akaniomba nimpigie tena ule wa pili. Nikamwuliza, “Kwa nini, nawe umeshindwa kuufuata?” Akajibu, “Ule wa kwanza nimekwisha kuujua, Mwalimu. Huu bado.”

Jibu hilo lilinirudisha nyuma, nikazisikiliza nyimbo zote mbili upya, nikaona kwamba zafanana kuliko nilivyodhani. Zote mbili zina huzuni iliyovikwa nguo ya furaha. Wa zamani ni wa mtu aendaye peke yake usiku, ameinua uso ili machozi yasimwanguke. Ei aliuandika baada ya watu wengi kuandamana mwaka 1960 kupinga mapatano ya Japani na Marekani, nao wakashindwa. Wa sasa umetokana na hadithi fupi ya Hoshino Mayo, habari za kijana na msichana atakaye kujiua, jambo zito kabisa, na huku tuni yarukaruka kama watoto wacheza kamba.

Tofauti yao ni hii. Katika wimbo wa Sakamoto hamna hata neno moja la mapatano wala la maandamano. Ei aliitoa sababu ya huzuni akaiacha huzuni yenyewe. Kwa hiyo wimbo ule ni kama banda la njiani, kila msafiri aweza kutua mzigo wake humo: aliyefiwa, aliyeachwa, aliye mbali na kwao. Wimbo wa YOASOBI ni kama nyumba ya mtu iliyojengwa kwa ustadi mwingi. Waweza kusimama dirishani ukastaajabu, lakini waliomo ndani ni watu wengine, wenye kisa chao.

Na ustadi huo ni wa kweli. Hapa nawaacha wazee wasemao ni kelele. Wimbo ule waenda mapigo 130 kwa dakika, na karibu na mwisho msingi wa sauti wahamishwa, msikilizaji akajiona ameinuliwa miguu asijue na nani. Mtungaji wake, Ayase, alijulikana kwanza kwa kutungia sauti ya kompyuta. Mwaka 2007 kampuni moja ya Sapporo ilitoa programu iitwayo Hatsune Miku, sauti ya msichana asiyekuwako, na vijana wengi wakajifunza kutunga kwa kuitumia. Sauti ya mashine haihitaji pumzi. Basi wakaandika tuni zisizo na mahali pa kuvuta pumzi, kisha wakatokea waimbaji wa nyama na damu wakaziimba hivyo hivyo. Mimi niliyefundisha kwaya miaka mingi nastaajabu.

Hata hivyo pumzi ndiyo penyewe. Zamani tuni ilikatwa kwa kadiri ya pumzi ya mtu wa kawaida, kwa sababu watungaji walijua kwamba wimbo utaimbwa na mke aoshaye vyombo, na mwenye baiskeli, na mzee aogaye. Wimbo ulifanywa uimbwe. Nyingi za leo zafanywa zisikilizwe, tena na mtu mmoja aliyeziba masikio yake kwa vidude vya kusikilizia. Hilo ndilo wazee wanaloliona limepotea, nao hulieleza vibaya wakisema tuni zimeharibika.

Dalili yake moja ni ile shindano la nyimbo la NHK la siku ya mwisho wa mwaka. Mwaka 1963, katika Tokyo na mikoa jirani, nyumba zaidi ya 81 katika kila 100 zililitazama. Bibi na mjukuu walikaa pamoja, nao walizijua nyimbo zile zile. Mwaka 2023 zilikuwa karibu 32. Najua televisheni yenyewe imepata washindani, na haki si kuzitwika nyimbo lawama yote. Lakini wimbo usiojulikana na bibi hauwezi kuimbwa naye.

Wala si kompyuta peke yake yenye lawama. Biashara nayo ina yake. Mtazameni mtu mmoja, Akimoto Yasushi. Yeye ndiye aliyeandika maneno ya wimbo mkubwa wa mwisho wa Misora Hibari, uliotoka Januari 1989, ambao wafananisha maisha na mwendo wa mto, nao ni wimbo mpole ajabu. Mtu huyo huyo mwaka 2005 aliunda kundi la wasichana liitwalo AKB48. Tangu 2009 hata 2018 santuri fulani za kundi hilo zilitiwa karatasi ya kura, ili mnunuzi achague msichana atakayesimama mbele, na wengine walinunua santuri nyingi, wimbo wenyewe ni ule ule mmoja, kwa ajili ya karatasi zile. Mkono haukubadilika, kalamu haikubadilika. Kilichobadilika ni kitu alichoombwa auze. Sipendi desturi ile, nami naiona kuwa dharau kwa wimbo.

Mtu aweza kunipinga akisema, “Je, karaoke? Wajapani si ndio wanaoimba kupita watu wote?” Ni kweli. Inoue Daisuke wa Kobe alitengeneza mashine yake mwaka 1971, na leo vijana wajifungia katika vyumba vidogo wakaziimba hata nyimbo ngumu za YOASOBI, na mashine huwapa alama kama mwalimu wa hesabu. Neno hili limenipunguzia ukali. Walakini huko wengi huimba na marafiki wa rika lao, mlango umefungwa. Na anayeogopa alama hafungui kinywa.

Kisha wako wageni. Wimbo wa Matsubara Miki wa mwaka 1979 juu ya mlango wa usiku wa manane ulifufuka mwishoni mwa 2020 katika intaneti, ukipendwa na vijana wa Indonesia na nchi nyingine, miaka mingi baada ya mwimbaji kufa mwaka 2004. Vijana wale hawakuwa na ujana wa 1979 wa kuulilia. Basi si kila asifuye ya kale anajililia mwenyewe.

Lakini jambo lililonikata shauri ni jingine. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko na mawimbi ya bahari vilipiga kaskazini mashariki ya Japani, na watu zaidi ya 18,000 walikufa au kupotea. Mwaka ule kampuni moja ya vinywaji iliwakusanya waimbaji wengi wauimbe wimbo wa Sakamoto kwa zamu katika televisheni, na Wajapani wakauona kana kwamba umeandikwa juzi. Kama habari ingekoma hapo, ningesema wazee wameshinda. Lakini mwaka 2012 ukatoka wimbo mpya, Hana wa Saku, maana yake maua yatachanua. Maneno ni ya Iwai Shunji na tuni ni ya Kanno Yōko, wote wawili wazaliwa wa mkoa wa Miyagi uliopigwa. Maneno yake huwa kama ya waliokufa, wakiwawaza waliobaki. Ni mpole, una nafasi ya pumzi, na ukaimbwa na kwaya za shule na za wazee. Ni wimbo wa zama za kompyuta, nao una kila kitu wazee wanachodai kimepotea. Alihitajiwa tu mtu wa kutaka uimbwe na wengi.

Juma lililopita niliwapigia watoto wangu tuni hiyo. Waliishika kabla kengele haijalia, na yule msichana mkimya aliishika wa kwanza. Kisha akanijia tena mlangoni kuuliza habari za ule mwingine, nami nimempigia, akasimama akisikiliza, mkono wake ukipiga ukutani polepole, bado haujampatia.