Fundi wa Jiko Huanza na Nyufa

Jiko la kuni la mama yangu kule Butiama lilipopasuka mdomo, sisi watoto tulikuwa na majibu tayari. Mmoja alitaka twende Musoma mjini tukachomeleshe jiko la chuma. Mwingine alikuwa ameona sokoni Bunda majiko ya udongo wa kuchoma, yale ya kubebeka. Wa tatu akasema gesi, tusisumbuane. Mama alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akaagiza aitwe mama mmoja wa kijiji jirani anayejenga majiko banifu.

Alikuja mikono mitupu. Alisalimia, akachuchumaa mbele ya jiko bovu, akakaa kimya muda mrefu. Mimi ningekuwa nimeshaanza kulibomoa. Alifuata ufa kwa kidole kutoka mdomoni hadi kwenye tundu la sufuria kubwa. Akagusa masizi yaliyoganda juu ya mlango wa kuni.

"Moshi unarudi mbele," alisema. "Na wewe mama, ugali unausongea mkono wa kushoto."

Mama akacheka kwa mshangao, maana ni kweli, na yule fundi hakuwahi kumwona akipika. Ufa ndio uliomwambia. Ugali wa kwetu wa muhogo na mtama ni mzito. Anayeusonga huivuta sufuria upande mmoja kila siku, miaka nenda rudi, na ukuta wa jiko hulipokea lile vuto. Jiko jepesi, la chuma au la udongo la kubebeka, lingecheza chini ya mwiko, na sufuria ya ugali wa moto ikipinduka si jambo dogo. Hapo suala la chuma na la majiko ya kubebeka likaisha bila ubishi.

Gesi sina neno nayo. Mtungi mdogo upo, na chai ya asubuhi huchemkia hapo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, nami nauombea ufanikiwe, kwa kuwa nimekulia ndani ya moshi na ninajua macho ya mama yalivyokuwa jioni. Lakini kesho asubuhi kuni ndizo zitakazowashwa katika majiko mengi ya mkoa wetu wa Mara, na anayepunguza moshi wa kesho anafanya kazi ya maana.

Udongo alioutaka ulikuwa wa kichuguu. Mchwa wameshauchambua chembe kwa chembe, hauna kokoto, unashika. Akachanganya na mchanga na nyasi kavu zilizokatwa fupi. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: alilivunja jiko la zamani, akachagua vipande vilivyoiva kwa moto, akavitwanga na kuvitia humo. Udongo ulioungua hausinyai tena, alinieleza, kwa hiyo unauzuia ule mbichi usipasuke unapokauka. Tope lilikanyagwa, likafunikwa, likalala siku kadhaa. Kila alipokuja alifinyanga kamba nyembamba kiganjani na kuikunja. Ikikatika mapema, mchanga umezidi. Ikikunjika laini na kunata mikononi, udongo umezidi, na jiko litapasuka. Aliirudia kamba hiyo mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu.

Siku ya kujenga aliagiza sufuria zote za nyumba, hata ile ya wageni. Alilaza kipande cha shina la mgomba, akasimamisha kingine mwishoni mwake, vikakutana kama kiwiko cha mkono, kisha akavishindilia tope pande zote. Baada ya siku chache mgomba ulinywea, akauchomoa taratibu, ukaacha njia laini ya moto iliyopinda. Juu ya njia hiyo alizungusha sufuria ndani ya tope bichi mpaka likapata umbo lake. Akafinyanga vinundu vitatu vya kuibeba, akapima nafasi kati ya sufuria na ukuta kwa kidole chake kimoja. Nafasi ikiwa finyu, moto unakosa pumzi na moshi unarudi mbele, kama ule uliotusumbua. Ikiwa pana, joto linapita bila kuigusa sufuria.

Vinundu vitatu: mafiga yale yale, yamehamia ndani.

Kiwiko hicho kina historia ndefu. Nchini Guatemala, baada ya tetemeko la ardhi la 1976, yalisambazwa majiko ya tope na mchanga yaliyoitwa Lorena, jina lililotokana na maneno ya Kihispania ya vitu hivyo viwili. Yalipendwa, lakini vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba ukuta mnene unameza joto ambalo lingeivisha chakula. Mwaka 1982 Mmarekani Larry Winiarski akapendekeza njia fupi iliyopinda, yenye kuta zisizomeza joto. Kwa majirani zetu Uganda mawazo hayo mawili yaliunganishwa. Ndiyo sababu ya nyasi katika tope la fundi wetu: zikiungua huacha vitundu vya hewa, na joto halipotelei ukutani kwa wingi.

Kwa wiki tatu hatukuruhusiwa kuwasha. Kisha moto wa vijiti tu, siku tatu mfululizo, kabla ya ugali wa kwanza.

Kuna tulichopoteza. Mafiga ya wazi ya zamani, kabla ya majiko haya ya udongo, yalimulika jikoni, yalitupasha miguu asubuhi za Juni, na moshi wake uliwafukuza wadudu kwenye mahindi ya mbegu yaliyoning'inia juu. Sasa mbegu zinatafutiwa mahali pengine. Joto kidogo limebaki: jioni, moto ukishazimwa, mama huegemeza mgongo kwenye ukuta wa jiko, na ukuta bado una uvuguvugu.

Nawe msomaji, jiko lako la udongo likipasuka, usilibomoe wala usikitupe hata kipande. Mwite fundi alione kwanza.