Pepo na Kifafa: Kisa cha Mtoto Aangukaye Kinavyosomwa Kwale

Maandiko ya Kikristo, kama maandishi mengine yote, humfikia msomaji kwa njia ya maneno, na maneno yana wenyewe. Jambo hili hudhihirika wazi katika Kwale, ambako Biblia ya Kiswahili husomwa katikati ya Wadigo, walio Waislamu kwa wingi wao, na ambako neno "pepo" lilikuwa na maisha yake kabla halijaingia katika Injili. Makala haya yanachunguza kisa kimoja ili kuonyesha jinsi uzembe katika kulisoma neno hilo unavyoweza kumdhuru mgonjwa.

Kisa chenyewe kinasimuliwa na Marko (sura ya 9), Mathayo (17) na Luka (9). Baba anamleta mwanawe kwa wanafunzi wa Yesu. Wao wanashindwa, Yesu anamponya. Katika Tafsiri ya Muungano, ambayo Agano Jipya lake lilitoka 1950 na Biblia nzima 1952, baba katika Marko anataja pepo bubu, hali baba katika Mathayo anataja kifafa. Neno la Kiyunani alilolitumia Mathayo limejengwa juu ya jina la mwezi, kwa kuwa watu wa zama zile waliuhusisha ugonjwa huo na mwezi. Kwa hiyo wafasiri walipoandika "kifafa" walikuwa wamekwisha kutoa hukumu: walizitazama dalili, wakazipa jina ambalo msomaji wao angelifahamu. Hukumu hiyo ni ya busara, lakini msomaji hana budi kujua kwamba ilitolewa.

Mhubiri mwenye haraka huziunganisha sura hizi, akahitimisha kwamba kila kifafa ni pepo. Hoja yake haikosi msingi, maana Mathayo mwenyewe, baada ya kutaja kifafa, anaeleza kwamba pepo alikemewa akamtoka mtoto. Hata hivyo hoja hiyo haisimami ikipimwa kwa Injili nzima. Katika 4:24 Mathayo anawaorodhesha wagonjwa walioletwa kwa Yesu, na humo wenye pepo wametajwa mbali, wenye kifafa mbali, na wenye kupooza mbali. Mwandishi aliyewatenga hivyo hawezi kufanywa shahidi wa kwamba maradhi hayo ni mamoja daima. Sura ya 17 yatoa habari za mtoto mmoja, wala haikuwekwa iwe kanuni ya utabibu.

Yafaa sasa kutazama sikio la msikilizaji. Katika mila za pwani ya kusini pepo ana taratibu zake. Humpanda mtu, naye huwa kiti chake. Mganga humpunga kwa ngoma, na pepo husema, akataja jina lake na alitakalo. Roger Gomm, katika uchunguzi wake juu ya pwani hiyo uliochapishwa 1975, alionyesha kwamba madai ya namna hiyo yaliwapa wanawake nafasi ya kudai mbele ya waume zao mambo ambayo wasingeyapata kwa njia nyingine. Basi msikilizaji aliyekulia Msambweni huielewa upesi Marko 5, ambapo pepo huulizwa jina, akalitaja, kisha akaomba ruhusa ya kuwaingia nguruwe. Huenda akaielewa kuliko mfafanuzi wa Ulaya ambaye mashauriano hayo humshangaza.

Lakini ujuzi uo huo humpoteza katika sura ya 9. Pepo wa huko ni bubu: hataji jina, hadai kitu, wala hapana mapatano. Uzito wa kisa umehamia kwa baba, anayekiri imani yake na papo hapo kuomba asaidiwe upungufu wake. Anayelisikia neno "pepo" akakimbilia ngoma, au akakimbilia mkesha wa kukemea, amempita baba huyo bila kumwona.

Kosa hili lina gharama. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na dawa ya fenobabitali imetumika kuutuliza tangu 1912. Hakuna neno katika sura hizi tatu linalomkataza mzazi kumpa mwanawe dawa. Mama wa Diani anayeambiwa kwamba vidonge ni dalili ya imani haba hapewi Maandiko. Anapewa fasiri ya mtu, nayo ni mbovu.

Agano Jipya la Kidigo, lililotoka 2007, limeuzidisha wajibu wa wahubiri na wahakiki, kwa kuwa sasa neno linamfikia Mdigo kwa lugha ya mama yake. Anayelifafanua hana budi kuuliza lilikuwa na maana gani kwa aliyeliandika, kitabu chenyewe kinasema nini mahali pengine, na linaamsha nini kwa anayelisikia. Akiruka swali moja, atakayelipa ni mtoto, kwa kuanguka motoni na majini kama yule wa Mathayo.