Ufundi wa Uchungaji

Mchungaji akisifiwa, mara nyingi husifiwa mahubiri yake. Lakini Paulo alipomwandikia Timotheo sifa za mtu anayefaa kuwa askofu, uwezo wa kufundisha aliutaja mara moja tu. Yaliyobaki karibu yote ni tabia: kiasi, ukarimu kwa wageni, kutokuwa mlevi, mgomvi wala mpenda fedha, kuisimamia vema nyumba yake, kushuhudiwa mema hata na walio nje ya kanisa. Naamini orodha ile inaeleza ufundi hasa. Kuwekewa mikono humpa mtu kazi, hakumpi uadilifu wa kuifanya. Uadilifu hujifunzwa, hurudiwa kila siku, hulindwa kwa taratibu, na ukiachwa hupotea hata kwa mwenye mvi.

Tazama habari ya fedha. Michango ya kuwasaidia maskini wa Yerusalemu ilipokusanywa, Paulo hakuibeba peke yake. Waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya nane, unaeleza kwamba alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, ili mtu yeyote asipate la kuwalaumu. Aliona kwamba haitoshi kuwa safi mbele za Mungu. Watu nao waone. Usharika wenye mchungaji stadi hufanya vivyo hivyo hadi leo: sadaka huhesabiwa na wazee zaidi ya mmoja, huandikwa na kutiwa sahihi, hutangazwa kwa washarika, na ufunguo wa sanduku haukai mfukoni mwa mchungaji. Wapo wanaosema utaratibu huu ni kumshuku mtumishi. Mimi nauona ni kumpenda, kwa maana siku atakaposingiziwa, daftari litamtetea kuliko kiapo chochote.

Ugumu zaidi uko kwenye siri, na hapo ndipo ninapouheshimu sana ufundi huu. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 983, inamkataza kabisa padri kumfichua muungamaji kwa neno au kwa njia nyingine yoyote. Makanisa mengine hayana kifungu kikali namna hiyo, ila mzigo ni uleule. Richard Baxter, mchungaji wa Kidderminster, Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1656 anaeleza jinsi yeye na msaidizi wake walivyozitenga Jumatatu na Jumanne kuzungumza na familia kumi na tano au kumi na sita kila juma, ili familia zaidi ya 800 za mji ule zifikiwe ndani ya mwaka. Anayewajua watu kwa undani huo hupanda mimbarini Jumapili akiwa na mifano tele ya kusisimua, na karibu yote ni haramu kwake kuitumia. Mjane aliyelia mbele yake Jumatano asijisikie akihubiriwa, hata jina lake lisipotajwa. Kujizuia huko hakupigiwi makofi na mtu, kwa sababu hakuna anayejua kwamba kumetokea.

Wengine watasema neema haitegemei ubora wa mhudumu. Ni kweli. Hilo lilijadiliwa kwa uchungu Afrika ya Kaskazini baada ya mateso ya Wakristo yaliyoanza mwaka 303, na baadaye Augustino, askofu wa Hippo, akawajibu Wadonati, walioukataa ubatizo wa mhudumu asiyefaa, kwamba ubatizo ni wa Kristo, si wa anayebatiza. Lakini Augustino huyohuyo, ilipogundulika kwamba padri mmoja wa nyumba yake huko Hippo alikuwa ameficha mali ilhali wote waliahidi kutomiliki kitu, alikataa urithi ambao padri yule aliliachia kanisa, kisha akasimama mbele ya waumini na kuwaeleza hali ya mali ya makleri wake. Ubatizo ulibaki halali. Imani ya watu kwa wachungaji wao ilihitaji kutengenezwa, naye akaitengeneza hadharani.

Hoja inayonitia hofu zaidi ni ile ya kwamba mtiwa mafuta haguswi. Zaburi ya 105 inayotumiwa hapo inawahusu kina Ibrahimu, wageni wachache waliolindwa dhidi ya wafalme. Haimkingi mwenye madaraka asiulizwe na wanyonge. Daudi alikuwa mtiwa mafuta, na Nathani alimkemea. Katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, na tukajionea gharama ya mafundisho yasiyohojiwa. Afrika Mashariki ina urithi bora kuliko huo: uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ambamo mchungaji aliungama mbele ya ndugu kama mkulima yeyote, akakemewa, akaombewa.

Kwa hiyo, ndugu muumini, omba hesabu ya sadaka bila woga, na usimshawishi mchungaji akusimulie ya jirani yako. Ukimpata anayekuonyesha daftari na kuyanyamazia ya watu, msaidie adumu: mlipe stahili yake, mpe siku ya kupumzika, na umwambie ukweli anapokosea.