Mkanda Kabla ya Mnyama: Jinsi Matembezi ya Mkokoteni wa Punda Yanavyofaulu

Likizo ya Agosti ikifika, watoto wengi wa Nakuru huwa wameshaona kwenye runinga mbwa wa Alaska wakivuta sleji, gari lisilo na magurudumu, juu ya theluji. Swali lao kwa wazazi ni moja: mbona sisi hatuna? Jibu la kwanza ni joto. Mbwa wa sleji ana manyoya mazito, na njia yake kubwa ya kupoza mwili ni kuhema ulimi ukining'inia. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake zina baridi, lakini saa nne ikifika jua limeshachoma, na kumkimbiza mbwa wa aina ile wakati huo ni kuhatarisha uhai wake. Hata huko Alaska, watalii wanaokuja kiangazi huvutwa kwa vigari vya magurudumu, na wenye mbwa hufuata baridi ya asubuhi au jioni.

Jibu la pili ni kwamba mnyama wa kukokota tunaye. Punda ni wa bara hili: alifugwa kwanza upande wa kaskazini-mashariki mwa Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita, kutokana na punda-mwitu wa nchi kame. Anastahimili kiu ambayo ingemwangusha farasi, na akifika kisimani hufidia maji yake kwa dakika chache. Kwa vumbi la majivu ya volkeno la Bonde la Ufa, huwezi kuomba mnyama aliyefaa zaidi. Kinachobaki ni ufundi wa kumfunga, na hapo ndipo matembezi mengi huharibika.

Matembezi ninayoyachambua yalifanyika upande wa Njoro, na nilikuwemo: watu wazima wawili, watoto watatu, mkokoteni wa magurudumu mawili na punda jozi moja. Mwenye punda ni mzee ambaye watoto walimwita guka, yaani babu, tangu dakika ya kwanza. Hakutupandisha upesi. Aliwataka watoto wasogee kutokea ubavuni, karibu na bega, wakisema chochote ili punda awasikie, kwa kuwa kilicho nyuma yake kabisa punda hakioni na hujibu kwa teke. Kisha akawaacha wamkune shingoni. Mbwa wa sleji kabla ya safari hubweka na kurukaruka, hivyo hata mgeni anajua kwamba wako tayari. Punda hana maonyesho hayo. Akiogopa, mara nyingi husimama kama gogo, na watu wakadhani ni ukaidi, wakaanza kumchapa mnyama ambaye anapima hatari. Dakika zile za kukuna shingo zilikuwa sehemu ya kazi: jozi ilizoea sauti zetu kabla ya kuhisi uzito wetu.

Guka pia hakukubali kumleta punda mmoja peke yake, ingawa njia ilikuwa fupi. Punda hushikana na mwenzake kwa mapenzi makubwa. Ukimtenga, ananung'unika, anageuka nyuma, hali. Wafungaji mbwa nao hupanga nani akimbie na nani, wakiweka mbele wale wanaosikiliza amri na karibu na sleji wale wenye nguvu za kuhimili mivuto ya ghafla. Kwa punda wawili mpangilio ni mdogo zaidi, lakini kanuni haibadiliki: aliyezoea kutembea kushoto abaki kushoto.

Sasa tuingie kwenye matandiko. Vazi la mbwa wa sleji limeshonwa ili mvuto upite kifuani na mabegani, ufuate mgongo, utokee karibu na mkia ambako kamba ya kuvutia imefungwa. Shingo ipo huru. Kamba ndogo inayofungwa kwenye ukosi kazi yake ni kumweka mbwa kwenye mstari tu, haivuti chochote. Koo likibanwa pumzi inakatika, na bila pumzi hakuna safari.

Katika mikokoteni mingi ya Bonde la Ufa, punda bado anavalishwa nira ya ng'ombe. Nira ilibuniwa kwa ajili ya nundu: ng'ombe husukuma mti ule kwa mwinuko ulio nyuma ya shingo yake. Punda hana nundu. Ukimwekea nira, mti unakalia mfupa wa shingo na kuteleza huku na huko, ngozi inachubuka, kidonda kinaota, na mwenyewe anashangaa kwa nini mnyama amepoteza nguvu. Kinachomfaa punda ni mkanda mpana wa kifuani, uliowekwa juu ya kiungo cha bega na chini ya koromeo, pamoja na kiti kidogo chenye pedi mbili mgongoni ambacho hakigusi uti wenyewe. Mkanda wa guka ulikatwa kutoka utepe mpana wa nailoni na kushonewa gunia na blanketi kuukuu upande wa ndani. Haukuwa mzuri wa kutazama. Lakini niliweza kupitisha vidole vyangu chini yake kila mahali, na manyoya yaliyokuwa chini yake yalikuwa mazima. Mzazi anayekodi mkokoteni aanze hapo, ainue mkanda atazame. Akiona kidonda au nywele nyeupe zilizoota juu ya kovu, atafute mwingine.

Hesabu ya uzito nayo ni rahisi. Mkokoteni wetu, uliotengenezwa kwa ekseli kuukuu ya gari, pamoja na abiria, tuukadirie kilo 400. Guka mwenyewe alitembea. Juu ya lami, magurudumu yenye upepo wa kutosha yanadai mvuto wa takriban asilimia 2 ya uzito huo, yaani nguvu inayolingana na kubeba kilo 8. Ukiingia kwenye vumbi laini, hitaji linaweza kufika asilimia 15, sawa na kilo 60. Ukikutana na mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, unaongeza asilimia 10 nyingine, kilo 40. Punda wetu wa kienyeji ana kilo 150 hivi, na kwa kazi ya kuendelea anaweza kuvuta karibu asilimia 12 ya uzito wake bila kuumia: kilo 18. Jozi ni kilo 36, au pungufu kidogo, kwa sababu wawili hawavuti kwa mpigo mmoja kila hatua.

Ukiziweka tarakimu hizo kando kwa kando utaelewa kila uamuzi wa guka. Kwenye lami jozi ilikwenda bila kujikaza, na watoto wangeweza kuwa mara mbili yao. Tulipoacha lami, watu wazima tulishuka. Kwenye mwinuko walishuka wote, wakasukuma kwa nyuma wakicheka, na hiyo ndiyo sehemu wanayoisimulia hadi leo.

Kuna jambo ambalo mkokoteni wa magurudumu mawili unalo na sleji haina: unaning'inia kwenye ekseli kama mizani. Abiria wakijazana mbele, uzito unaegemea mgongo wa punda. Wakirudi nyuma, mabomba ya mbele yanainuka na mkanda wa tumboni unamkaba. "Mama, sogea mbele kidogo, nyuma inainua," guka alimwambia shemeji yangu, na kweli, aliposogea punda aliacha kutikisa kichwa. Kwenye mteremko shida inageuka: mkokoteni hauna breki, na usipokuwepo mkanda unaozunguka makalio ya punda, gari lote linamsukuma miguuni. Mikokoteni ya maji ninayoiona Naivasha mara nyingi haina mkanda huo, na dereva huning'inia nyuma ili aburuze miguu. Ukipakia familia, mkanda wa makalio si hiari.

Jozi iliyofunzwa hivi imekuwa adimu. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya, ile ya 2019 ilikuta karibu milioni 1.2. Kati ya sensa hizo yalifunguliwa machinjio ya punda, mawili yakiwa katika ukanda huu, Naivasha na Mogotio, kwa ajili ya ngozi zinazochemshwa kutengeneza dawa ya Kichina. Ripoti ya 2019 ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, ilionyesha kuwa zaidi ya punda 300,000 walichinjwa kuanzia 2016 hadi mwisho wa 2018. Wizi ukashamiri, na watu waliokuwa wakiishi kwa kuuza maji waliamka na kukuta kamba tupu. Februari 2020 Waziri wa Kilimo Peter Munya alitangaza marufuku. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaibatilisha. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji kwa ajili ya ngozi barani kote. Punda akiibwa, anaondoka na miaka ya mafunzo, maana mnyama anayejua kusimama akisikia mtoto akilia hafundishwi kwa wiki moja. Ndiyo maana bei ya guka, iliyoonekana kubwa kwa kaka yangu, mimi niliiona ya haki.

Tena alitoza kwa saa, si kwa safari. Anayelipwa kwa safari ana sababu ya kuharakisha, na haraka ya punda hutoka kwenye kiboko. Guka hakuwa na kiboko. Alikuwa na mluzi na neno moja la kusimamisha.

Tuliporudi alifungua kwanza minyororo ya kuvutia na mkanda wa makalio, ndipo akashusha mabomba, na hatamu akazivua mwisho kabisa, kwa kuwa punda aliyevuliwa hatamu akiwa bado amefungwa garini hana wa kumzuia akishtuka. Kisha akakagua jasho. Chini ya mkanda wa kifua lilikuwa limeenea sawasawa, lakini kwenye bega la punda wa kulia palibaki kipande kikavu chenye ukubwa wa kiganja: hapo mkanda ulikuwa umekandamiza kupita kiasi. Aliulegeza tundu moja, akaongeza gunia upande ule, ndipo akawapa maji.