Weusi Una Aina

Mnunuzi wa makaa aliyekomaa, awe Mutomo au Kibwezi, haridhiki na rangi. Huchukua vipande viwili akavigonganisha. Vikilia kama chuma, yameiva. Mlio ukiwa butu, kuni haikumaliza kuungua na moshi utamsumbua mpishi. Weusi ni ule ule, makaa ni mengine.

Ukivunja kipande kimoja ukakitazama kwa hadubini, vinyweleo vya mti uliokufa bado vimo mahali pake, navyo humwambia mjuzi kama ulikuwa mgunga au mti mwingine. Kitui ilipopiga marufuku biashara ya makaa mapema 2018, mabishano yalihusu malori na magunia. Kumbe kila gunia lilikuwa limebeba ushahidi wa mti wake.

Ustadi ninaousifu ni ndugu wa huo wa kusoma makaa: kuisoma kaboni inayoganda juu ya vichocheo vya viwandani. Petroli iliyosafishwa Changamwe kuanzia 1963 hadi 2013, ambayo tangu 1978 ilipanda bara kwa bomba linalokata Makueni, ilitegemea vichocheo vya namna hii: chembe ndogo mno za metali kwenye punje zenye vitundu. Mafuta yakipita juu yake kwa joto kali, kaboni hubaki nyuma kidogo kidogo, na kichocheo huchoka.

Kuchoka vipi? Hapo ndipo ufundi unapoanza. Kwenye platini, kaboni huwa utando unaofunika na kuziba. Kwenye nikeli, hadubini ya elektroni huonyesha jambo la ajabu: uzi wa kaboni uliobeba chembe ya nikeli kichwani, umeing'oa ilipokaa na kuiinua. Chembe hiyo bado inafanya kazi! Hatari yake ni nyingine: nyuzi zikisongamana hupasua punje yenyewe.

Hadubini huonyesha kaboni ilipokaa na umbo lake. Imejipanga vipi ndani, hilo huulizwa leza, kwa njia aliyoigundua Mhindi C. V. Raman mwaka 1928. Mwanga unaorudi huchora vilele viwili, karibu na namba-mawimbi 1350 na 1580 kwa sentimita. Cha pili ni cha kaboni iliyojipanga katika matabaka. Cha kwanza hukua mpangilio unapoharibika. Mwanafunzi mwenye pupa hugawanya kimoja kwa kingine akatangaza jibu. Fundi hasemi haraka, kwani kaboni ikivurugika kupita kiasi kilele cha kwanza hufifia tena, na uwiano ule ule waweza kuwa na maana mbili. Tena huipunguza leza nguvu, isije ikaipika sampuli na kuleta kaboni ambayo kiwandani haikuwapo.

Usomaji huo ndio unaoamua kichocheo kitasafishwaje kwa kuichoma kaboni hiyo. Kaboni iliyovurugika huungua mapema. Iliyojipanga hudai joto zaidi, na joto likizidi chembe za metali huungana zikawa kubwa na chache. Kwa hiyo hewa huingizwa ikiwa imechanganywa na naitrojeni nyingi, na joto hupandishwa polepole.